Chujio la Mafuta ya Gari: Libadilishwe Lini na kwa Njia Gani



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, wengi wenu huja ofisini kuuliza juu ya magari ya kuchukulia mzigo. Safari hii nimeona nieleze juu ya kitu kidogo kisichozidi kopo la maziwa, nacho ni chujio la mafuta, ambalo mafundi huliita filta. Somo lenyewe sikulipata hapa Pemba. Nililipata mbali, Lyulilo, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Kyela.

Mwaka jana nilikwenda Kyela kutazama wenzetu wanavyolima na kukausha kakao. Siku ya Jumamosi tulikodi pikapu ya dizeli, tukapita Ipinda hadi Matema, kisha tukafika Lyulilo, ambako chini ya milima ya Livingstone kuna soko la vyungu vya Wakisi, viletwavyo kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Njiani mwenye gari alinunua dizeli ya madumu, akaimimina tangini bila hata kitambaa. Kurudi ndiyo ikawa kazi. Mahali tambarare gari lilikwenda vizuri. Likifika mwinuko linakosa nguvu, linakohoa, mwisho likazima. Tukikaa dakika kumi linawaka, tukienda kidogo, hali ile ile. Mara mvua ikatushukia, na mvua ya Kyela si ya kuchezea, kwani pande zile ni miongoni mwa mahali panaponyesha sana katika Tanzania nzima. Vyungu vilivyokwisha kuchomwa havijali mvua. Lakini mimi nilikuwa nikiwaza: je, kama haya yangekuwa magunia ya karafuu kavu, nasi tumekwama kati ya Konde na Wete? Karafuu iliyokauka vizuri ikirowa hupoteza rangi na kuvunda, na daraja yake hushuka. Kazi ya mwaka mzima inapotea barabarani.

Fundi kijana wa pale alilegeza kizibo kilicho chini ya chujio, akakinga kikombe. Yakatoka maji, si dizeli, na nyuma yake kutu.

Basi chujio hili kazi yake ni nini? Ndani yake mna karatasi maalumu yenye mikunjo kama marinda ya gauni. Mafuta hupita, uchafu hubaki. Katika gari la dizeli, chujio hutenga na maji pia, nayo hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Karatasi ikijaa uchafu, mafuta bado hupita, lakini kidogo. Kidogo hicho huitosha injini ikiwa haina kazi nzito. Ikipanda mlima na mzigo haiitoshi. Ndiyo maana dalili huanzia mlimani. Na injini ikizimwa, mafuta hupata nafasi ya kujipenyeza polepole, kwa hiyo gari huwaka tena na kumdanganya mwenyewe kwamba limepona.

Dalili nyingine ni kuwaka kwa shida asubuhi, na kusita unapokanyaga mafuta. Lakini msifanye haraka kulaumu chujio. Plagi mbovu, chujio la hewa lililoziba au pampu iliyochoka huleta mambo hayo hayo. Mimi huanza na chujio kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko pampu, basi.

Kuhusu muda, fuateni kitabu cha gari lenu. Magari mengi ya dizeli hupangiwa kati ya kilomita 20,000 na 40,000, na ya petroli mara nyingi zaidi ya hapo. Hesabu hizo ni za mafuta safi. Anayenunua mafuta ya madumu, au anayeacha tangi nusu tupu usiku katika hewa yetu hii ya bahari, apunguze hesabu hiyo hata kufikia nusu, kwa maana unyevu wa hewa ya tangini hugeuka matone ya maji, na maji huzaa kutu. Kwa maoni yangu gari la karafuu libadilishwe chujio kabla ya mavuno kuanza, hata kama kilomita hazijatimia. Na taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, simamisheni gari, mkafungue kizibo kile na kumwaga maji mpaka itoke dizeli safi.

Sasa kubadilisha. Injini iwe imepoa, gari liwe mahali penye upepo, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Sigara na kibatari viwe mbali kabisa, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Gari la petroli la kabureta lina chujio dogo kwenye mpira wa mafuta. Ukilifunga jipya, mshale wake uelekee injini. Gari la petroli la kisasa ni jambo jingine: mafuta yamo kwa nguvu kubwa ndani ya bomba, na ukifungua ovyo yatakurukia machoni. Kabla ya kufungua betri, hutolewa fyuzi ya pampu, injini ikawashwa mpaka ijizime. Mengine chujio limo tangini pamoja na pampu. Hilo mwachieni fundi.

Katika dizeli, paka mafuta safi kwenye mpira wa chujio jipya, ulikaze kwa mkono. Wengi hulijaza kwanza dizeli ya dumu. Mafuta hayo hayajachujwa, na ukiyatia upande wa kutokea, uchafu wake huenda moja kwa moja kwenye nozeli. Afadhali kutumia kipampu cha mkono kilicho juu ya chujio, kupiga mpaka kiwe kigumu na hewa yote itoke. Kisha washeni injini, mtazame kama kuna panapovuja.

Wako wanaopuliza chujio la zamani na kulirudisha. Karatasi ile ikipulizwa hutoboka, na tundu halionekani kwa macho. Lililotoka lileteni ofisini mnapokwenda kununua, tulilinganishe na jipya kabla hamjalipa, kwani madukani ya bandia yapo.