Siku Moja Mlimani, Mimi na Baba Watoto

Ukizaliwa Unguja mlima unaujua kwa kalenda. Masingini, ambako ndiko juu kuliko kote kisiwani kwetu, hapafiki hata mita 150. Kilimanjaro ni mita 5,895! Ndiyo maana baba watoto aliponiambia, "Mke wangu, Julai twende Moshi tukapumue," nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Watoto tukawapeleka kwa bibi yao, sisi tukapanda boti hadi Dar, tukalala, na asubuhi tukaingia kwenye basi kutwa nzima. Majirani zetu wa Tunguu walisema, "Fungate la pili hilo!" Nami nikacheka, lakini kicheko cha meno tu. Moyoni nilikuwa na jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba yetu imesimama kuta tupu miaka miwili, inangoja bati. Pesa za bati, shilingi milioni moja na laki nane, nilikuwa nazo mimi. Shoga yangu mmoja akanishawishi nizitie kwenye upatu, eti baada ya miezi mitatu zinarudi mara mbili. Wapi! Aliyekuwa akikusanya alizima simu, na habari yake ikaishia hapo. Miezi mitano kila baba watoto akiuliza bati, namjibu, "Bei imepanda, tungoje." Nikawa mkali bila sababu, nalala nimempa mgongo. Kumbe naye kaanza kuwaza yake.

Basi, tulilala Marangu. Saa 12 asubuhi tukatoka nje, mimi na buibui langu, sweta mbili juu, na bado meno yanagongana. Mbele yetu Kibo, mweupe kileleni, na pembeni yake Mawenzi, mita 5,149, umechongoka kama msumeno. Kijana aliyetuongoza akatusimulia kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na kwamba Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha huko juu bendera na Mwenge wa Uhuru. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshayeyuka. Ilipofika saa 3 mawingu yakaufunika mlima wote. Ukichelewa kuamka, umeula wa chuya!

Tukatembezwa kwenye kihamba, yaani shamba la familia ya Kichagga. Juu migomba, chini yake kahawa, na katikati mfereji wa maji unaotoka mlimani, uliochimbwa kwa mikono na wazee wa zamani. Mwenyeji wetu, mama mmoja mcheshi, akatupakulia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, tukala tukajilamba. Mbege tukaikataa kwa shukrani, naye akacheka, akatuletea chai.

Mpakani mwa shamba lake palioteshwa majani marefu membamba. "Haya ni masale," kijana akasema. "Kwetu Wachagga ukimkosea mtu, ukaenda kwake na jani hili, inampasa akusikilize."

Nikamwomba mama jani moja. Akanitazama, hakuuliza kitu, akanikatia. Nikalitia mkobani.

Tukaenda maporomoko ya Kinukamori. Wenyeji husimulia kisa cha Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kwa kuogopa kusema kwao, akaja ajitupe hapo. Akabadili nia, lakini alipogeuka arudi nyumbani akamkuta chui nyuma yake. Kwa hofu akaanguka. Baba watoto akasema, "Maskini, angesema mapema." Mie nikatazama maji.

Mchana tukashuka Himo, tukaelekea upande wa mpaka wa Kenya hadi Ziwa Chala. Huwezi kuliona mpaka ufike ukingoni! Ni kasoko ya volkano iliyojaa maji, kina chake kinakaribia mita mia, nusu yake Tanzania, nusu Kenya. Maji yake mengi hupita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Rangi yake ni buluu ya kukufanya usahau bahari ya kwenu. Lakini usithubutu kuoga: mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba humo.

Tukateremka njia ya mawe mpaka majini, kijana akabaki juu. Nikafungua mkoba kutafuta leso, na jani likaanguka.

"La nini hili?" akauliza.

Nikalia. Halafu nikasema yote: upatu, pesa, uongo wa bei ya bati.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilijua una mtu. Nimekuleta huku kote nikuulize hilo tu, mbali na watoto."

"Sina mtu, wallahi."

"Nakusadiki. Lakini sitokudanganya, pesa zinaniuma. Na miezi mitano ya uongo inaniuma zaidi."

Kupanda kurudi juu, alikuwa mbele na hakugeuka. Katikati ya njia akasimama, akaningoja, akanipokea mkoba. Hatukusema kitu. Jani alikuwa nalo mkononi.

Msomaji wangu, sitaki kukupamba kwa maneno. Nyumba bado haina bati. Kuna siku anakumbuka, ananuna, nami namwacha anune. Lakini sasa tuna daftari moja, na kila Ijumaa jioni tunakaa kitako tunahesabu pamoja, hata kama ni elfu kumi. Na mgongo simpi tena.

Ukitaka kwenda nanyi:

- Chukueni nguo nzito. Juni hadi Agosti baridi ya Marangu si mchezo, na Machi hadi Mei ni mvua.
- Amkeni kabla ya jua kama mnataka kuuona mlima.
- Vaeni viatu vya kufunga, njia ya Chala ina mteremko mkali.
- Tafuteni mwongozaji wa hapohapo, visa vyake ndiyo utamu wa safari.
- Na kama una jambo moyoni, usingoje uende mpaka Chala. Sema nyumbani, nauli mtanunulia bati.