Mafundi wa Majahazi Yasiyogusa Maji

Chombo kinatokea upande wa kulia, polepole, mfano wa jahazi lililotua tanga likiingia bandarini. Ubavu wake ni mrefu, umejaa madirisha madogo yenye mwanga, na kwenye tezi pana weusi wa moshi, kana kwamba mitambo yake imewaka miaka mingi. Nyuma yake ni kiza kitupu na nyota. Ukikitazama waweza kuapa kwamba kimeundwa kwa chuma, na kwamba mpiga picha alikuwa karibu nacho. La hasha! Hapana chuma, hapana rangi, wala hapakuwa na mpiga picha. Kimeundwa chote ndani ya kompyuta, tena aghalabu na mtu mmoja, usiku, baada ya kutoka kazini kwake, na hapana aliyemlipa hata senti moja.

Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo sanaa iliyowateka watu wengi huko Ulaya, Marekani na kwingineko: kuunda merikebu za angani za hadithi za kubuni. Huenda ukauliza, je, mtu mzima hupata nini kwa kuunda chombo kisichosafiri? Kabla ya kujibu, yafaa tujue sanaa hii ilikotoka.

Mwaka 1977 ilitoka filamu ya Star Wars, na waliokwenda kuitazama waliona mwanzoni mwake merikebu kubwa ajabu ikipita juu ya vichwa vyao, ikawa kama haina mwisho. Kumbe mfano wenyewe ulikuwa na urefu wa sentimita 91 hivi, waweza kuuweka juu ya meza ya chakula! Mafundi walinunua maboksi ya vifaru, manowari na ndege za plastiki ambazo watoto huunganisha nyumbani, wakachukua vipande vyake na kuvibandika ubavuni mwa merikebu yao. Jicho la mwanadamu likiona vitu vidogo vingi mahali pamoja, lenyewe hukata shauri kwamba kinachovibeba ni kikubwa mno. Siri hiyo haijabadilika mpaka leo.

Mwaka 1984 ikaja filamu iitwayo The Last Starfighter, ambayo vyombo vyake vya angani vilitengenezwa kwa kompyuta badala ya mifano ya mkono. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa Cray X-MP, mojawapo ya zile zenye nguvu kuliko zote wakati huo, na bei yake ilikuwa mamilioni ya dola. Mtu wa kawaida angeiota tu.

Mlango ulifunguka mwaka 1993. Mwingereza Ron Thornton, ambaye hapo awali alikuwa akiunda mifano kwa mikono yake, aliongoza wenzake kutengeneza vyombo vya filamu ya televisheni ya Babylon 5. Walitumia kompyuta za Amiga, za kuwekwa mezani tu, pamoja na programu iitwayo LightWave. Mwaka huo huo kazi hiyo ilipata tuzo ya Emmy. Waliokuwa wakitazama wakiwa majumbani wakajiambia: kama kompyuta ya mezani yaweza, kwa nini nami nisijaribu?

Lakini hata hapo palikuwa na kikwazo, nacho ni fedha. Programu za kazi hiyo ziliuzwa ghali. Kijana asiye na kitu angebaki mlangoni akichungulia, kama fundi anayejua kuunda jahazi lakini hana shoka wala tezo.

Basi sikiliza kisa hiki. Huko Uholanzi alikuwako bwana mmoja, Ton Roosendaal, aliyeanza mwaka 1994 kuandika programu aliyoiita Blender. Mwanzoni mwa 2002 kampuni yake ilifungwa, na programu ikabaki mikononi mwa waliokuwa wametia mtaji. Wangeweza kuifungia kabatini ikafa. Bwana Roosendaal akawaendea, wakakubaliana kwamba akileta euro 100,000, programu itaachiliwa iwe ya watu wote. Mwezi wa Julai akatoa wito kwa watumiaji. Wakaanza kuchanga, huyu kidogo na yule kidogo, na haba na haba ikajaza kibaba: kwa muda wa majuma saba fedha zikapatikana. Tarehe 13 Oktoba 2002 Blender ikatolewa kwa umma. Tangu siku hiyo mtu yeyote huichukua bure, akaitumia, akaichunguza, hata akaibadilisha. Ilinunuliwa mara moja, ikanunuliwa kwa ajili ya kila mtu.

Sasa tumwangalie fundi akiwa kazini. Yeye huanza kwa nukta. Nukta mbili huunganishwa kwa mstari, mistari mitatu au minne hufanya uso, na nyuso nyingi hufanya umbo, mithili ya wavu uliovishwa kitu. Mwaka 1975 mtaalamu Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah alitaka umbo la kujaribia, na mkewe akamshauri achukue vyombo vyao vya chai. Akalichora birika kwenye karatasi, kisha akalitia katika kompyuta kama tarakimu. Birika hilo la chai likawa mashuhuri kote, na mabingwa wengi wamejifunzia juu yake.

Fundi wa merikebu za angani huweka kwanza umbo kubwa, kama vile muundaji wetu anavyolaza mkuku kabla ya kusimamisha mataruma. Kisha huja vikorokoro: mabomba, vifuniko, milango na ngazi. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu. Akichora dirisha kubwa mno, merikebu ya kilomita moja hugeuka kitu cha kuchezea mtoto. Akiacha ukingo uwe mkali kama wembe, jicho hukataa, kwani hakuna ukingo duniani usiopinda japo kidogo. Kwa hiyo kila ukingo hupigwa randa kidogo ili ushike mwanga. Halafu hutiwa uzee: mikwaruzo, masizi, na rangi iliyobambuka. Chombo kisicho na doa hakijasafiri, na kisichosafiri hakisadikiki.

Mwisho ni mwanga, na mwanga ndio mtihani. Angani hakuna hewa wala umande wa kulainisha vitu vya mbali. Upande unaopigwa na jua hung'aa, na upande wa pili ni kiza totoro. Kompyuta hufuata miali, moja moja, ikihesabu ulikogonga na ulikorukia. Kanuni ya hesabu hiyo ilichapishwa na James Kajiya mwaka 1986, na hesabu zake ni nyingi mno. Tuseme picha moja huchukua dakika 10. Filamu huhitaji picha 24 kwa kila sekunde. Basi sekunde 10 tu ni picha 240, yaani saa 40 za kompyuta kufanya kazi bila kupumzika! Na stima ikikatika, au fundi akigundua kwamba taa moja imekaa vibaya, sharti arudie. Asiye na subira, kazi hii itamshinda mapema.

Turudi kwa swali letu. Mtu hupata nini? Wako waliopata riziki kwa ufundi huu, kwani vijana wanaoonyesha kazi nzuri huajiriwa na watengenezaji wa filamu. Tena mwezi wa Machi 2025 filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia na kutengenezwa kwa Blender ile ile ya bure, ilipata tuzo ya Oscar. Lakini wengi hawatafuti hayo. Wao hupata raha ya kila fundi, ile ya kurudi nyuma hatua mbili, kuangalia kazi ya mkono wako, na kusema: sasa imekaa.

Raha hiyo sisi watu wa pwani twaijua. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kupandishiwa tanga la mkeka, uliwahi kuvuka maji yetu miaka na miaka, kisha katika karne ya 20 ukatoweka baharini. Leo anayetaka kujua ulivyokuwa hutazama mifano. Kumbe mfano si mchezo, ni kumbukumbu. Anayeweza kuunda merikebu ya nyota, nukta kwa nukta, hashindwi kuunda mtepe, ubao kwa ubao na mshono kwa mshono, hata mjukuu wake auone ukielea juu ya maji ya Lamu. Shoka na tezo za kazi hiyo zimekwisha kulipiwa tangu 2002. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.