Baridi ya Mbeya haitoshi kupoza kompyuta

"Mjomba, huku si Dar," mpwa wangu aliniambia Juni moja nyumbani kwao Kihesa, Iringa, nilipomuuliza kwa nini kompyuta yake inanguruma kama mashine ya kukoboa. Alikuwa kitandani usiku wa manane, akihariri video ya harusi. Amejifunika blanketi mbili, na kompyuta ameikalisha juu ya ile ya juu. Baridi ilikuwa ya kuuma vidole. Kwa akili yake, mashine haiwezi kuungua mahali ambapo mwenye mashine anatetemeka.

Nimeisikia hoja hiyo Mbeya pia, kwa wacheza gemu na mafundi wa studio. Ina ukweli, ila si wote.

Kadi ya grafiki, ile ambayo vijana huiita GPU, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo cha kompyuta. Kadi kubwa za mezani hula wati 200, 300, nyingine 450 au zaidi, yaani karibu nusu ya pasi ya umeme. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto, na joto hilo hutoka kwenye chipu ndogo kuliko kiberiti. Juu ya chipu kuna bati lenye mapezi, na juu ya mapezi kuna feni. Kazi ya feni ni kupitisha hewa ibebe joto na kuondoka nalo.

Hapo ndipo mwinuko unapoingia. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini inapungua kidogo tu. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama nne ya tano ya ule wa Dar es Salaam. Kila mpishi wa huko anaujua mwinuko huo hata kama hajawahi kuupima: maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage hukawia kuiva. Hewa ya baridi hujikusanya kidogo na kuwa nzito, lakini hata ukiipigia hesabu hiyo, lita moja ya hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 15 hivi. Feni inazunguka kwa kasi ileile, inabeba mzigo mdogo.

Tupige hesabu ya haraka. Chumba cha Dar kina nyuzi joto 30, kadi inafanya kazi ngumu na kutulia kwenye 80, yaani 50 juu ya joto la chumba. Ihamishie Mbeya kwenye chumba cha nyuzi 18. Ungetarajia isome 68. Lakini kwa hewa nyepesi zile 50 zinaweza kuwa 55 au 56, na kadi ikatulia karibu na 74. Baridi imekupa nyuzi 12, mwinuko umekunyang'anya karibu nusu. Bado ni faida, sikatai. Ila ni faida ndogo ambayo blanketi moja inaimaliza.

Blanketi huziba matundu ya chini ambako kompyuta nyingi huvutia hewa, na manyoya yake hunaswa kwenye mapezi. Ongeza vumbi la kiangazi, lile jekundu linalotanda kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, nalo hujenga zulia kati ya feni na bati. Nimewahi kufungua mashine moja nikalivua zulia hilo likiwa zima, kama unavyomenya ganda.

Kiswahili nacho kimetuponza kidogo. Tumeiita kompyuta mpakato, kutoka kupakata, kama mtoto. Madaktari wa ngozi wangependelea jina jingine. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilichapisha habari za mvulana wa miaka 12 huko Uswisi aliyecheza gemu saa kadhaa kila siku, kwa miezi, kompyuta ikiwa mapajani. Paja lake la kushoto, upande uliokuwa na joto zaidi, lilitoka alama za kahawia zilizosukwa kama wavu. Hazitokani na kuungua kwa mara moja, bali na joto la wastani, kama nyuzi 43 hadi 47, linalorudiwa siku baada ya siku. Madaktari wanazijua tangu zamani kwenye miundi ya watu wanaoota moto kila jioni, kwa hiyo huku Nyanda za Juu Kusini, zilipo Mbeya na Iringa, si jambo geni. Ukiacha mapema, alama hufifia taratibu. Ukiendelea kwa miaka zinaweza kubaki, na kwa nadra sana ngozi hiyo hupata saratani. Kwa wanaume kuna jingine: utafiti wa New York wa mwaka 2005, uliopima wanaume 29, ulionyesha kwamba saa moja ya kupakata kompyuta hupandisha joto la korodani kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Mbegu za kiume hazipendi joto.

Utajuaje kama kadi yako inapata moto kupita kiasi? Usiiguse kwa kidole. Bati lenye nyuzi 80 linaunguza. Windows 10, tangu toleo la Mei 2020, huonyesha joto la kadi inayojitegemea: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa utendaji. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujipunguzia kasi zikifika nyuzi 83 hivi, na kikomo chake huwa kati ya 88 na 94 kutegemea aina. Ikisoma 75 kazini, lala usingizi. Ikisoma 90 huku picha zinatoa nukta na mistari ya ajabu, au mashine inajizima yenyewe katikati ya gemu, acha kwanza. Zima, chomoa, itoe nje, vaa barakoa, safisha kwa brashi laini huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Programu kama MSI Afterburner nayo hukuwezesha kuipimia kadi umeme; ukiibana kwenye asilimia 80, joto hushuka sana na kasi hupungua kidogo tu.

Kwenye kadi za mtumba ndiko ninakopata wasiwasi zaidi. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji wa sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika kwenye masoko ya dunia. Kwa macho huwezi kuitambua kadi kama hiyo. Mwombe muuzaji aiwashe, iendeshwe gemu nzito kwa nusu saa, wewe ukitazama namba. Akikataa, hiyo nayo ni namba.

Kuna pia ufundi wa kuichoma kadi iliyokufa kwa blowa, au kuitia kwenye oveni, ili lehemu iliyopasuka ishike tena. Wakati mwingine picha inarudi kweli, kwa siku au wiki chache. Lakini ugonjwa huwa umebaki palepale. Mwaka 2008 NVIDIA yenyewe ilitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kupita kawaida kwa udhaifu wa vifaa vilivyozishikilia, na oveni haibadilishi vifaa hivyo. Moshi wa plastiki na lehemu, ambayo kwenye kadi za zamani ina risasi, utabaki kwenye oveni mnayookea mkate. Na betri iliyovimba isichomwe wala kutobolewa. Acha kuitumia, mpelekee fundi.

Usiku wa kipupwe huleta hatari nyingine mbili. Ya kwanza ni ekstensheni ya bei rahisi iliyobeba hita, birika na kompyuta ya mezani kwa pamoja. Waya huyeyuka kabla kadi haijalalamika. Ya pili ni jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, mlango ukafungwa, ili vidole vipate kubonyeza kibodi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ambayo kwa mwinuko huo tayari ni pungufu. Kichwa kikiuma mkiwa wawili chumbani, msitafute dawa kwanza, tokeni nje.

Mpwa wangu hakutaka hesabu ya lita za hewa. Nilichukua ubao jikoni, nikauweka kati ya blanketi na kompyuta, na baada ya dakika kumi mngurumo ukashuka. Harusi ikamalizika kuhaririwa kabla ya alfajiri. Dada yangu mpaka leo anautafuta ubao wake wa kukatia mboga.