Kilo Zinazozunguka

Hapa Kahama, gari likichelewa kuchanganya, watu huanza kubadilisha plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha wanaulizia gia boksi. Mimi kazi yangu ni kufunga matairi, kwa hiyo naanzia chini. Noah iliyotoka Japani na rimu za inchi 15 utaikuta imefungwa za sport za inchi 17, pana, zinang'aa, na mwenyewe anashangaa kwa nini akitaka kulipita lori la Rwanda kwenye barabara ya Isaka injini inalia tu.

Niliazima mizani ya jirani anayenunua mpunga. Gurudumu la chuma la inchi 15, pamoja na tairi lake, lilisoma kilo 17. Lile la inchi 17, kilo 21. Kwa magurudumu manne hizo ni kilo 16. Zingekuwa kwenye buti, usingezihisi. Kwenye gurudumu ni habari nyingine.

Pindua baiskeli, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Sasa viringisha kitambaa kilicholowa maji kwenye ukingo wa rimu, uzungushe tena: mkono utakwambia. Kihamishie kitambaa kilekile katikati, kwenye habu, na uzito wake karibu unapotea. Injini ya gari nayo ina kazi mbili, kulisukuma gurudumu mbele na kulizungusha. Kilo moja iliyoko pembeni kabisa, kwenye tairi, kila ukikanyaga mafuta inaisumbua injini karibu sawa na kilo 2 za kwenye buti, na breki nazo zina kazi hiyohiyo kuisimamisha. Ukishafika 80 na kutulia hapo, tofauti ni ndogo. Anayeumia ni dereva wa mchomoko, anayesimama kila kituo kupakia na kuondoka tena.

Uzito huo una shida ya pili. Springi zimebeba bodi, abiria na mizigo. Gurudumu liko chini yake. Likirushwa na shimo, springi na shokapu ndizo zinazolirudisha ardhini, na likiwa zito linachelewa. Tairi lililoko hewani halikati kona wala halifungi breki. Kwenye changarawe ya Nyang'hwale utalihisi hilo mikononi, usukani unapohama wenyewe.

Bugatti walilijua hili mapema: gari lao la Type 35 liliingia mashindano ya Lyon mwaka 1924 likiwa na rimu za alumini, metali ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma. Lakini rimu nyingi za sokoni ni za kumimina, zinatengenezwa nene ili zisivunjike, na ukiongeza inchi mbili faida yote imekwisha. Kama unataka wepesi, chukua alumini ya inchi zilezile za kiwandani.

Na hata hapo nasita. Rimu ya chuma ikipiga shimo inapinda, fundi anainyoosha kwa nyundo, safari inaendelea. Ya alumini inaweza kupasuka. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi za migodini zinavaa chuma, na nisingewashauri wenye magari hayo wabadilishe. Ukinunua alumini ya mtumba, igeuze utafute alama ya JWL, ya viwango vya Kijapani vya rimu, na uangalie nyufa. Soma pia namba ya mzigo ambao tairi linaweza kubeba: 91 ni kilo 615, na usishuke chini ya namba ya tairi la kiwandani kwa kutafuta wepesi.

Kuna uzito mwingine ambao kuutoa ni bure. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga unaganda ndani ya rimu, upande usioonekana, na waosha magari wanasugua nje tu. Kuna gari nililolikwangua bonge la ukubwa wa ngumi, limekauka upande mmoja wa rimu. Usukani ulikuwa ukitetemeka kuanzia 80, na mwenye gari alikuwa ameshauziwa bushi na tairodi mpya ambazo hazikusaidia kitu. Kwa hiyo ukipeleka gari kuoshwa, mwambie kijana aingize mpira wa maji nyuma ya rimu, azungushe gurudumu, amwage tena, mpaka maji yatoke meupe.