Je, Wajua Chukudu Hupitaje Juu ya Lava?

Fundi wa reli akikuta ardhi ya mabonde na vilima, huibadilisha ardhi. Hupasua mwamba, hufukia mashimo, humwaga kokoto, ndipo alaze reli. Mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hauna reli, na maseremala wake walishika njia nyingine: waliiacha ardhi ilivyo, wakachonga chombo cha kuimudu: chukudu, baiskeli ya mbao inayosukumwa kwa mguu.

Ardhi hiyo ni lava. Mlima wa volkeno wa Nyiragongo, karibu na mji, ulilipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Lava yake ina silika kidogo, hivyo hutiririka kwa kasi, na ikiganda huacha mikunjo, nyufa na ncha kali. Katika mitaa ya Mabanga, komini ya Karisimbi, mwamba huo mweusi ndio sakafu ya mji.

Chukudu huchongwa kwa mbao ngumu, aghalabu mkaratusi. Magurudumu ni ya mbao, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Mizigo ya makaa, viazi au saruji, mamia ya kilo, hulazwa chini karibu na ardhi, na hilo peke yake hupunguza hatari ya kupinduka.

Lakini ubora wake mkubwa ninaouona mimi ni idadi ya magurudumu. Kinachowatisha watu wa reli si mlima tu, ni msokoto: pale reli ya kushoto inapoinuka na ya kulia kuinama ghafla. Behewa hapo huwa kama meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu. Gurudumu moja hupungukiwa uzito, likaweza kuuparamia ukingo wa reli, na treni ikaanguka. Chukudu ina magurudumu mawili tu, moja mbele ya jingine. Mwamba ujipinde utakavyo, yote mawili hugusa chini. Usawa wa kushoto na kulia ni kazi ya msukumaji: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma ardhi. Akishuka na viazi kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, hafanyi kazi ndogo. Maelfu ya watu hula kwa jasho hilo.

Watu wa Goma wameisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Ukifika, itazame, kisha nenda kwa maseremala ukaangalie wanavyochonga magurudumu.