Tuzo na staji za uandishi wa habari: mwanafunzi wa Masisi au Walikale anaanzia wapi?

Swali linaloulizwa sana na wenzetu wa idara ya uandishi wa habari ni hili: mtu ambaye kwao ni Masisi au Walikale, yuko mwaka wa pili au wa tatu, hana jamaa katika redio kubwa, anapataje staji ya maana? Na zile tuzo tunazozisikia zikitajwa, zinamhusu yeye au ni za watu wa Kinshasa na Paris?

Jibu langu ni kwamba zinamhusu. Ila kuna sharti moja gumu kuliko umri na diploma, na sharti hilo linatugusa sisi wa lugha moja kwa moja. Nitalifikia. Kwanza tuanze na staji, kwa sababu ndiko mambo yanakoharibikia.

Huku kwetu staji ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi anapewa barua na kitivo, anaipeleka redioni, anakaa wiki kadhaa, kisha msimamizi anampa alama. Wengi wanakimbilia Goma. Ndoto ya karibu kila mmoja ni Redio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, na ambayo husikika kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Nafasi zake ni chache kuliko barua zinazofika. Wanaobaki wanagawana redio za mjini, na wachache wanarudi nyumbani, kwenye redio ndogo za kijamii zenye chumba kimoja, betri za sola na kinasa sauti kimoja kinachogombaniwa na watu watano.

Mimi nasema heri hao wanaorudi. Mjini mwanafunzi anaweza kumaliza staji nzima akisoma matangazo ya vifo na ya vitambulisho vilivyopotea. Kwenye redio ndogo, siku ya tatu anapewa pikipiki na kuambiwa aende sokoni aulize kwa nini debe la maharagwe limepanda bei. Anahoji kwa Kiswahili. Akikutana na mzee asiyekipenda anahamia Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Anakata sauti mwenyewe, na jioni inarushwa. Hiyo ni kazi kamili ya mwandishi wa habari, hata kama msikilizaji wa mbali kabisa yuko kilima cha pili.

Lakini tusidanganyane: staji hizi hazilipwi. Nauli ni yako, chakula ni chako. Hapo ndipo bahasha inapoingia, ile ambayo waandishi wa nchi hii huiita kwa Kifaransa coupage: aliyekuita kwenye semina yake anakupa pesa kidogo ili habari itoke, na itoke anavyotaka yeye. Mwanafunzi mwenye njaa anajifunza jambo hilo kabla ya kujifunza kuandika kichwa cha habari. Anayetoa alama za staji angefaa kuuliza mwanafunzi alikula nini, kabla ya kuuliza alitangaza nini.

Sasa tuje kwenye tuzo. Kivu imewahi kushinda, na si mara moja. Chouchou Namegabe, aliyekulia kazini katika Redio Maendeleo, alipewa tuzo ya kimataifa ya Knight mwaka 2009. Mwaka 2014 Solange Lusiku Nsimire wa gazeti la Le Souverain alipewa tuzo ya ushujaa ya shirika la kimataifa la wanawake wa vyombo vya habari, IWMF, na mwaka huohuo Caddy Adzuba wa Redio Okapi akapokea Hispania tuzo ya Asturias ya maelewano. Ukiangalia vizuri utaona wote watatu ni wa Bukavu. Masisi na Walikale hazimo. Sidhani sababu ni kipaji. Tuzo za namna hiyo huwafikia watu waliokwisha kujulikana na waliopendekezwa, na Bukavu kulikuwa na watu wa kupendekeza: Redio Maendeleo ilianzishwa miaka ya 1990, na wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini wana chama chao, AFEM, ambacho Namegabe mwenyewe alishiriki kukianzisha. Mwandishi wa Walikale, wilaya iliyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini na yenye misitu mingi kuliko barabara, nani atamwandikia barua hiyo?

Kwa hiyo mwanafunzi aziache hizo kwanza, atazame zile ambazo mtu anajiombea mwenyewe. Iliyo karibu nasi zaidi ni ya RFI, yenye majina ya Ghislaine Dupont na Claude Verlon, mwandishi na fundi mitambo waliouawa Kidal, Mali, tarehe 2 Novemba 2013. Inawalenga vijana wa redio wa Afrika inayotumia Kifaransa, mwandishi mmoja na fundi mitambo mmoja, na washindi hupelekwa Paris kwa mafunzo. Ipo ya Thomson Foundation ya London kwa vijana wasiozidi miaka 30 wa nchi zenye kipato kidogo. Huko huombwa kazi tatu zilizokwisha kutoka. Ipo ya Lorenzo Natali ya Tume ya Ulaya, iliyoanza mwaka 1992. Ile ya BBC yenye jina la Komla Dumor wengi wanaitaja, lakini inataka mwandishi aliyekwisha kukomaa kazini na anayetangaza kwa Kiingereza, hiyo isubiri. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo soma tangazo lenyewe, usimsikilize aliyesimuliwa na rafiki yake.

Karibu zote hizi zinataka kitu kimoja: onyesha kazi uliyokwisha kufanya. Na kazi yetu ni ya redio, kwa Kiswahili, iliyorushwa mara moja ikapotea. Hilo ndilo sharti gumu nililolisema mwanzo.

Nilifanya staji katika redio moja ndogo ambayo sitaitaja. Niliandaa kipindi cha dakika 20 na akina mama wanaobeba makaa na mihogo mgongoni, kuhusu vizuizi vya barabarani. Kilisikika Jumamosi, watu wakapiga simu. Jumanne kadi ya kumbukumbu ilijaa, fundi akafuta vilivyokuwa juu ili anase mahubiri. Hakufanya kwa ubaya. Kadi ilikuwa moja. Miezi minne baadaye nilipoona tangazo la shindano, sikuwa na hata sekunde moja ya sauti ya mama yule.

Hata ningekuwa nayo, ningekutana na kazi ya pili. Katika kipindi kile mama mmoja alisema wanaume wa kijiji hufanyishwa «salongo», na kwamba kila nyumba hulipa «lala salama». Majaji wa Paris watasoma nini? Salongo enzi za Mobutu ilikuwa kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Leo wenye bunduki hulitumia neno lilelile kwa kazi ya kulazimishwa, kubeba mizigo au kuchimba. Ukitafsiri «kazi za jamii», umewasaidia wenye bunduki. Ukitafsiri «kazi ya shuruti», umepoteza kwamba wao wenyewe wanaiita kwa jina zuri. Na lala salama ni ushuru unaotozwa na makundi hayo ili watu walale bila kushambuliwa, mara nyingi na haohao wanaotoza. Mama alilitamka akicheka kidogo, kicheko kile nacho kinatafsiriwa vipi? Mwanafunzi wa uandishi wa habari hakufundishwa haya. Sisi tumefundishwa.

Walikale ina mfano wake mkubwa. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulisimuliwa na mzee Candi Rureke mwaka 1956, ukaandikwa neno kwa neno, ukatafsiriwa, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Pembeni ya jina la Daniel Biebuyck, profesa wa Ulaya, yumo Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mtu wa isimu. Sauti ya mzee wa msituni ilifika vyuo vya dunia kwa sababu mtu wa lugha alikaa chini akaandika.

Jambo moja la tahadhari. Majaji wa mbali hupenda vita na ubakaji, na wanafunzi wanalijua hilo. Luvungi, huko Walikale, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13, na aliyekuwa kiongozi wa kundi mojawapo, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha Goma mwaka 2020. Katikati ya miaka hiyo kumi, akina mama wale walihojiwa na wageni wengi mno. Kwenda kuwarudia ili upate ya kupeleka kwenye shindano ni aibu. Bei ya maharagwe, ikifuatiliwa vizuri kutoka shambani hadi Goma kupitia kila kizuizi, inaweza kubeba vita yote bila kumvua mtu nguo.

Na wakati ndio huu. Mji wa Masisi ulitekwa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi huohuo na uwanja wake wa ndege ukafungwa, mji wa Walikale Machi. Redio nyingine zilinyamaza, na kumbukumbu zake zikaondoka nazo. Anayefanya staji leo asiiachie redio nakala pekee ya kazi yake. Ainase pia kwa simu yake, aandike tarehe na saa iliporushwa, aombe barua fupi yenye muhuri inayothibitisha kwamba ilirushwa, na asitunze mahali popote jina la aliyeomba lisitajwe.

Kwa upande wetu, nawaomba wahadhiri wa tafsiri jambo dogo: badala ya kutupa kila muhula kurasa za riwaya zilezile, watupe dakika 5 za sauti kutoka redio za nyumbani, tuziandike kwa Kiswahili kama zilivyosemwa, kisha tuzitie Kifaransa, na alama zihesabiwe kama za zoezi lingine lolote. Mwandishi anapata faili lake la shindano. Mimi ningeanza na «lala salama», maana hadi leo sijapata Kifaransa chake.