Kantangaze, Nondo wa Nyanya

Wengi wenu mwamjua mdudu huyu kwa kazi yake, wala hamjapata kumwona mwenyewe. Bustani ya nyanya yaonekana njema. Baada ya majuma machache majani yamekauka kama yaliyopitishiwa moto, na tunda ukilipasua lina uchafu mweusi ndani. Mwenye shamba hunyunyiza dawa, akanyunyiza tena, hata fedha yaisha na nyanya zimepotea zote.

Huyo ndiye kantangaze, jina lisikikalo kama “kanitangaze”, na kweli ametangaa. Wataalamu humwita Tuta absoluta (si kwa ajili ya matuta yetu, majina yamepatana tu), na siku hizi huandikwa pia Phthorimaea absoluta. Mwingereza Edward Meyrick alimpa jina mwaka 1917, kwa nondo waliotoka Huancayo katika nchi ya Peru, maana kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akaenea pande za bahari ya Mediterania, akaingia Afrika ya Kaskazini. Kufikia mwaka 2014 alikuwa amekwisha kufika Kenya na Tanzania. Biashara ya nyanya ilimchukua mbali kuliko mbawa zake.

Ni mdogo mno: urefu wake milimita 6 hivi, na akikunjua mbawa apata milimita 10. Rangi yake ni kijivu cha fedha chenye kahawia na madoa meusi, na vipapasio vyake ni virefu, vyembamba kama uzi. Mchana hujificha kati ya majani. Jike aweza kutaga hata mayai 260, na mengi huyaweka chini ya majani.

Aharibuye ni kiwavi. Atokapo yaini hutoboa jani, akaingia katikati, akala nyama yake ya kijani na kuacha ngozi ya juu na ya chini kama kioo cha dirisha. Inua jani mbele ya jua, utamwona humo. Kwanza ana rangi ya maziwa na kichwa cheusi, kisha huwa wa kijani, mwisho mwekundu kidogo, hata milimita 8. Huingia pia shinani na tundani. Basi dawa iliyo juu ya jani yampataje aliye ndani? Tena dawa nyingine amekwisha kuzizoea.

Chakula chake kikuu ni nyanya, lakini hula pia viazi mviringo, biringanya na mnavu. Kwa hiyo aondoaye nyanya akapanda viazi amemwandalia meza ya pili. Afadhali mahindi au vitunguu. Mnavu ujioteao mpakani ung'olewe. Majani na matunda yaliyotobolewa yasitupwe kando ya shamba, kwa kuwa kiwavi huendelea kula humo hata awe nondo. Yatieni katika mfuko wa nailoni, mfunge kabisa, mwuache juani siku kadhaa; na jirani mwenye nyanya afanye vivyo hivyo juma lilo hilo.